Kabla ya kusaini miti 200, hesabu madumu ya maji

Swali: Mtaalamu, miaka miwili iliyopita halmashauri ya jiji ilipanda miti 150 kwenye mitaa yetu. Siku hiyo kulikuwa na muziki, fulana na wapiga picha. Leo imebaki 60. Sasa wamerudi, wanataka kutupa miti mingine 200, ila safari hii kamati yetu ya wakazi itie sahihi kwamba itaitunza. Nusu ya kamati wanasema tuchukue yote, nusu hawataki hata mmoja. Kuna majirani waliosema wazi kwamba hawataki mti mbele ya milango yao. Tufanye nini? Tena kuna mti mmoja pale kona umepukutika majani yote, tunabishana kama ni mzima au tuung'oe.

Jibu: Msisaini 200, na wala msikatae yote. Chukueni idadi ambayo maji yake mna uhakika nayo, na kwa kila mti mnaweza kumnyooshea kidole mtu atakayeyamwaga. Kwa kamati ya kawaida nadhani ni miti kama 60 kwa awamu ya kwanza. Nitaeleza nimeipata wapi hesabu hiyo, lakini kwanza kuna kazi ya jembe.

Nendeni mkafukue mti mmoja uliokufa. Msiuvute, chimbeni pembeni taratibu, muutoe pamoja na udongo wake. Katika kazi yangu ya kukagua miti ya mijini nimefukua mingi, na mara nyingi maiti yenyewe husema kilichoiua. Kuna mmoja sijausahau. Ulikuwa umekaa ardhini miaka miwili, juu umekauka kama fagio la njiti. Huku chini mizizi yote ilikuwa imejizungusha duara juu ya duara, umbo lile lile la kiriba ulimooteshwa kitaluni. Kiriba chenyewe bado kilikuwepo, kimechanwa upande mmoja tu. Mti ule haukupata hata siku moja kuonja udongo wa mtaa ule. Na wakazi walikuwa wameshaambiwa kwamba wao ndio waliouua kwa uvivu wa kumwagilia.

Mkishautoa wenu, angalieni shina pale linapokutana na mizizi. Mti wowote wenye afya hutanuka kidogo mahali hapo, kama unasimama kwa kutanua miguu, na mtanuko huo unapaswa kuonekana juu ya ardhi. Shina likishuka moja kwa moja kama nguzo, mti umezikwa mno: gome linalofunikwa na udongo unyevu huoza, na mizizi iliyo chini sana hukosa hewa. Shimo zuri lina upana mara mbili au tatu ya bonge la udongo linalokuja na mche, lakini kina chake hakizidi kile cha bonge. Wachimbaji wanaolipwa kwa idadi ya mashimo hufanya kinyume kabisa, shimo jembamba na refu, kwa sababu ndilo la haraka.

Tazameni pia gome karibu na ardhi. Makovu yanayozunguka shina ni kazi ya mashine ya kukatia nyasi, ile ya kamba. Chini tu ya gome kuna tabaka jembamba linaloshusha chakula kutoka kwenye majani hadi kwenye mizizi. Likikatwa kuzunguka shina lote, mti unakufa njaa hata ukimwagiliwa kila siku. Na zile kamba za kufungia mti kwenye vigingi vya kuushikilia: zilitakiwa zifunguliwe baada ya mwaka mmoja hivi. Nimeona kamba ya mpira iliyozama ndani ya shina hadi haionekani, na mti umekatikia hapo hapo siku ya upepo.

Fukueni mitano au sita, mpige picha. Mkikuta minne ina viriba au imezikwa, mnakwenda kwenye kikao mkiwa na la kusema, maana sahihi mnayoombwa inahamisha lawama kutoka kwa aliyepanda kuja kwa anayetunza. Hakuna utunzaji unaotibu mti uliopandwa ovyo. Kwa hiyo sharti lenu la kwanza liwe hili: kamati iwepo siku miche inapofika, na iwe na haki ya kuurudisha mche wowote wenye mizizi iliyojisokota au shina lililochubuka. Mkandarasi atalalamika. Mwacheni alalamike.

Sasa maji. Mti uliotoka kitaluni ukiwa na shina la unene wa sentimita 5 hivi unahitaji kama lita 60 kwa wiki wakati wa ukame, kwa miaka miwili ya mwanzo na mara nyingine hadi wa tatu. Hayo ni madumu matatu ya lita 20. Miti 200 ni madumu 600 kila wiki, na kila dumu likijaa lina kilo 20. Jamani, hizo ni tani 12 za maji, zinasubiri kubebwa na watu wanaorudi kutoka kazini wakiwa hoi, wiki baada ya wiki, hadi mvua irudi. Miti 60 ni madumu 180. Kaya 30 zikichukua miti miwili miwili, kila kaya inabeba madumu sita kwa wiki, tena kwa siku mbili tofauti. Hilo binadamu analiweza. Mna kaya 12 tu zilizo tayari? Basi chukueni miti 24, na hakuna aibu. Miche midogo zaidi inataka maji kidogo zaidi lakini mara nyingi zaidi, kwa hiyo safari za bombani hazipungui kama mnavyotarajia.

Hesabu hiyo ifanyieni mezani, mbele ya maofisa, kwa sauti. Muwaulize gari la maji litapita au halitapita, na bomba la karibu liko hatua ngapi. Mti ulio zaidi ya mita 100 kutoka kwenye bomba mimi sitauhesabu kama wa wakazi. Huo ni wa gari la maji au usipandwe.

Kuna ufundi kidogo pia. Udongo wa kando ya barabara umeshindiliwa, ukimwaga dumu zima kwa pupa maji hutiririka mtaroni na mti haujaonja kitu. Chukua ndoo kuukuu, itoboe matundu mawili ya msumari chini kabisa, iweke karibu na shina, juu ya bonge la udongo lililokuja na mche, ijaze, uende zako. Itavuja polepole na maji yatazama. Safari ijayo iweke upande wa pili. Kabla ya kujaza, choma ardhi kwa kijiti chenye urefu wa kiganja: kikitoka na udongo unyevu ulioganda, ruka zamu hiyo, kwa sababu mizizi iliyolowekwa siku zote nayo hufa. Juu ya udongo tandazeni majani makavu au vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 10, duara pana. Matandazo yasiguse shina. Mtu akiyarundika kama kichuguu kuzunguka mti, mwambieni ayatawanye, anaufuga uozo.

Na kila mti uandikwe jina la mtu na siku. Mkiandika “wakazi wa mtaa”, mmeandika hakuna. Iandikwe nyumba fulani, Jumatano na Jumapili, na akisafiri fulani atamshikia. Nimekaa kwenye vikao vingi vya uzinduzi na sijawahi kuona fomu yenye nafasi ya kuandika Jumatano. Zina nafasi ya idadi ya miche na nembo za wafadhili. Fulana za siku ile, naamini, zipo bado mitaani kwenu na zina hali nzuri kuliko miti.

Msidhani ni nyinyi peke yenu. New York ilizindua mwaka 2007 mpango wa kupanda miti milioni moja, ikaifikisha idadi hiyo mwaka 2015. Watafiti walikuwa wameangalia miti ya barabarani iliyopandwa katika jiji hilo kati ya 1999 na 2003, wakakuta asilimia 74 hivi bado iko hai miaka michache baadaye. Robo nzima ilikuwa imekwenda, katika jiji lenye bajeti na wataalamu. Walichokiona pia ni kwamba miti iliyokuwa na dalili za mkono wa mtu, kama udongo uliolimwa chini yake au maua yaliyopandwa, iliishi vizuri zaidi. Nyinyi mmebaki na minne kati ya kila kumi. Pengo hilo ni kubwa mno kuitwa bahati mbaya, ndiyo maana nimeanza na jembe.

Kwa nini nang'ang'ania miti michache inayoishi? Kwa sababu kivuli, ubaridi wa hewa na maji ya mvua yanayozuiwa yasifurike barabarani vyote huja na ukubwa wa mwavuli wa majani, na mwavuli huo ni suala la umri. Mti wa miaka mitatu ni kijiti chenye matumaini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingine za miti ya barabarani, ulikadiria kwamba kwa wastani mti kama huo huishi miaka 19 hadi 28. Hata mtaa unaopoteza miti 5 tu kati ya kila 100 kwa mwaka, ukifika mwaka wa kumi umebaki na kama 60. Mwaka wa kwanza na wa pili ndipo sehemu kubwa ya hasara inapoweza kuzuiwa kwa ndoo na macho ya jirani.

Lakini ndoo na macho ndiyo mipaka yenu, na hapa ndipo mkataba unapotakiwa kusomwa neno kwa neno. Mkazi anaweza kumwagilia, kutandaza majani, kufungua kamba, kung'oa magugu na kupiga simu. Hawezi, na asiombwe, kupanda ngazi na msumeno chini ya nyaya za umeme. San Francisco ilijaribu kuwatwika wenye nyumba mzigo wa miti iliyo mbele yao, pamoja na gharama za njia ya miguu iliyoinuliwa na mizizi. Watu walichoka, na Novemba 2016 wapiga kura waliamua kwa wingi mkubwa kuurudisha mzigo huo kwa jiji, na fedha zake zitengwe kila mwaka. Kwa hiyo andikeni waziwazi: kupogoa ni kwa jiji, kuanzia mwaka wa tatu hivi, wakati matawi bado ni membamba na kidonda hufunga haraka. Njia ya miguu ikipasuka ni juu ya jiji. Mti ukiangukia gari, si kamati inayoshtakiwa. Mche ukifa ndani ya muda mtakaokubaliana bila kosa la mmwagiliaji, mkandarasi anarudisha mwingine.

Ongezeni kifungu kimoja ambacho watu husahau: mti usikatwe bila kamati kupewa sababu kwa maandishi, kabla. Sheffield, Uingereza, jiji liliingia mkataba na kampuni ya matengenezo ya barabara, maelfu ya miti ikakatwa, mingi ikiwa mizima kabisa, wakati mwingine alfajiri watu wakiwa wamelala. Wakazi walisimama chini ya miti, wengine wakakamatwa. Ukataji ulisimamishwa mwaka 2018, na ripoti ya uchunguzi iliyotoka mwaka 2023 ililikosoa jiji vikali. Watu waliowaomba mlee mti hawapaswi kuja kuukata mkiwa usingizini.

Kila mti upewe nambari, pamoja na simu ya ofisa mmoja anayejulikana. Melbourne iliipa kila mti wa jiji nambari na anwani ya barua pepe ili watu waripoti matawi yaliyovunjika, wakaishia kuiandikia miti barua za mapenzi. Inafurahisha, na sioni ubaya wake, ila nyinyi daftari na picha vinatosha.

Kuhusu majirani wasiotaka: msiwapandie. Najua kuna mtu kwenye kamati atasema hawaelewi faida, wapewe semina. Detroit ilikuwa na mpango wa kupanda miti bure, na kati ya 2011 na 2014 karibu robo ya wakazi waliofikiwa waliukataa mti. Mtafiti alipowauliza, walikuwa wanazifahamu faida vizuri sana. Walichokikumbuka ni miti ya zamani iliyonyauka na kuachwa na jiji bila kukatwa wala kupogolewa, na walichokipinga ni kuletewa aina ya mti bila kuulizwa, huku mzigo wa kuutunza ukiwa wao. Jirani yenu anayehofia mizizi kwenye bomba la maji taka pengine ameshawahi kulilipia bomba hilo. Mwulizeni. Mara nyingine jibu ni mti mdogo zaidi, au kuusogeza mita mbili, au kumwonyesha kifungu kinachosema jiji litalipa. Mara nyingine jibu lake ni hapana, na mti unaopandwa juu ya hapana ya mtu huwa na ajali nyingi za ajabu, kuanzia kumwagiwa maji ya moto hadi kugongwa na gari linalorudi nyuma.

Kuna jambo la haki pia, ambalo maofisa hawalipendi. Mitaa yenye uwezo mara nyingi tayari ina miti mikubwa inayotunzwa kwa fedha za jiji, halafu mtaa usio na kivuli unaambiwa upate chake kwa kujitolea. Madumu 180 kwa wiki ni kazi, na kazi ina ujira. Wangari Maathai alilielewa hili mapema: katika harakati aliyoianzisha Kenya mwaka 1977, wanawake walipewa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioishi, si kwa kila mche uliotiwa ardhini. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, baada ya maporomoko ya udongo ya 2017 yaliyoua watu zaidi ya elfu moja, ilianza mwaka 2020 mpango ambao wakazi hupanda miti, huirudia kwa simu kupiga picha na kuonyesha inavyoendelea, na hulipwa kwa kuifuatilia. Mkienda kwenye kikao, ombeni hata kama ni kidogo, na ombeni kilipwe kwa mti ulio hai mwaka wa pili. Mkinyimwa, angalau mmejua jiji linaithamini vipi miti yake.

Aina ya miti nitaipita haraka, kwa sababu inategemea mlipo na mtu wa kitalu wa kwenu anajua kuliko mimi. Ombeni orodha ya aina, na msikubali aina moja kwa mitaa yote hata ikiwa nzuri kiasi gani. Miji mingi ya Amerika Kaskazini ilipoteza miti aina ya elmu kwa ugonjwa, ikajaza mapengo kwa miti aina ya eshi. Mwaka 2002 akagunduliwa karibu na Detroit mdudu wa kijani anayetoboa eshi, na mapengo yakarudi pale pale. Kanuni inayotumika sana, iliyopendekezwa na Frank Santamour mwaka 1990, ni kwamba spishi moja, yaani aina moja ya mti, isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, jenasi moja, yaani kundi la spishi za karibu, isizidi 20, na familia moja, kundi kubwa zaidi la jenasi zenye undugu, isizidi 30. Chini ya nyaya wekeni mti ambao ukikomaa haufiki kwenye nyaya. Inaonekana dhahiri, lakini tazameni juu mnapotembea mjini mhesabu miti iliyokatwa kichwa.

Barua yenu basi iseme: tunachukua 60 sasa, hii hapa orodha ya nyumba na siku zao, haya hapa mambo matano ya jiji, na awamu ya pili tutaizungumza tukishaihesabu iliyo hai baada ya ukame mmoja. Ile 60 iliyobaki kutoka zamani pia iingizwe kwenye orodha ya kupogolewa na kufunguliwa kamba. Iko mwaka wa pili tayari, imeshavuka kipindi kigumu zaidi, na kila mmoja una thamani kuliko mche mpya. Mkiona ile ya zamani inataka maji bado, punguzeni mipya.

Na ule wa kona, msiung'oe kwanza. Kwaruza gome la kijitawi kwa ukucha, kiasi cha punje ya mchele. Ukikuta rangi ya kahawia na pamekauka, shuka kwenye tawi nene zaidi, kisha kwenye shina, ukwaruze tena hapo chini. Ikiwa ni kahawia hadi ardhini, mti umekufa, ufukueni muuongeze kwenye zile picha. Ukikuta kijani chenye unyevu popote njiani, kateni sehemu iliyokauka juu yake, mpeni mtu mmoja zamu, na ile ndoo yenye matundu ianzie hapo.